Daftari la Kompyuta na Dawa Zinazouzwa kwa Ajili Yake

Kompyuta imeingia majumbani mwetu kama ilivyoingia cherehani zamani. Baba huandikia barua zake, mama huweka hesabu ya biashara yake, na watoto husomea masomo yao. Na kama ilivyo ada ya kila chombo, ikiisha kutumika miaka mitatu minne huanza kuwa nzito: yawashwa, na mwenyewe akapata nafasi ya kumaliza kikombe kizima cha chai kabla haijawa tayari kupokea amri. Hapo ndipo huyu na yule huanza kutoa mashauri. Na katika mashauri yatolewayo sana, hasa na vijana, ni hili: "Rejista yake imekatika vipande vipande. Tafuta programu ya kuiunga."

Katika makala haya nataka tulitazame shauri hilo kwa utulivu: hiyo rejista ni kitu gani, kukatika vipande kwake maana yake nini, hizo programu za kuiunga hufanya kazi gani hasa, ni nani azihitajiye na ni nani asiyezihitaji. Wala sitaficha kwamba sikushika kalamu kwa kupenda elimu tu. Jambo hili lilinifikia kwa njia ya nyumba ya dada yangu, na afadhali nianze na kisa hicho.

Dada yangu ni mshonaji. Vipimo vya wateja wake, siku walizoahidiwa nguo zao na madeni wanayodaiwa, vyote vimo katika kompyuta moja. Kompyuta hiyohiyo hutumiwa usiku na mwanawe, ambaye wakati huo alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Ilikuwa nzito mno. Kijana, kwa nia njema kabisa, akatafuta katika intaneti programu ya kuunga rejista, akaiona moja ya bure, akaipakua. Programu ilipokwisha kuchunguza ikamwonyesha mstari mrefu mwekundu na maneno ya kutisha, kwamba rejista ina makosa mamia kwa mamia na kwamba mfumo wote umo hatarini. Akabonyeza palipoandikwa "tengeneza". Programu ikamwambia kwamba kompyuta lazima izimwe na kuwashwa tena ili kazi ikamilike. Ikazimwa, ikawaka, ikaanza kazi yake. Na katikati ya kazi hiyo umeme ukakatika.

Umeme uliporudi, kompyuta haikufunguka tena. Kioo kilikuwa cha buluu, na juu yake maneno machache ya Kiingereza. Kijana akaichukua mpaka kwa fundi mmoja, naye akamjibu kwa ufupi kwamba hapana dawa ila kufuta kila kitu kilichomo na kuweka Windows upya. Ndipo aliponipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti yako iko chini?"

"Mjomba, nimeiharibu kompyuta ya mama. Fundi ataka kufuta kila kitu. Mama bado hajui."

"Usimruhusu afute kitu. Ichukue uirudishe nyumbani, nami nitakuja baada ya Isha. Na mama yako mweleze wewe mwenyewe kabla sijafika."

Tuiache kompyuta hiyo juu ya meza kwa muda, tupate kuijua rejista.

Windows, ambao ndio mfumo uendeshao kompyuta nyingi za majumbani, una daftari lake kuu. Ndani ya daftari hilo huandikwa mipango yote: ni programu zipi zilizowekwa, ni zipi ziwashwe kompyuta inapoamka, printa gani imeunganishwa, kila mtumiaji amependa picha gani iwe juu ya kioo chake, na mengine mengi ambayo mtu hayaoni kwa macho. Hapo kale kila programu ilikuwa na kifaili chake kidogo cha maandishi cha kuwekea mipango yake, na vifaili hivyo vikatawanyika huku na huku hata ikawa taabu kuvitunza. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ikaja na rejista ndogo yenye kazi chache. Kisha Windows NT ya mwaka 1993 na Windows 95 ya mwaka 1995 zikaifanya kuwa daftari kuu la mambo yote, na hivyo ndivyo ilivyo mpaka leo.

Daftari hili, ijapokuwa twalitaja kama kitu kimoja, huhifadhiwa katika mafaili kadhaa. Katika Windows 95 na 98 yalikuwa ni mafaili mawili makubwa, System.dat na User.dat. Katika ukoo wa Windows NT, ambamo Windows zote za leo zimezaliwa, yako SYSTEM, SOFTWARE, SAM, SECURITY na DEFAULT, yote ndani ya folda iitwayo config. Na kila mtumiaji ana lake liitwalo NTUSER.DAT. Waliotengeneza mfumo huu waliyaita mafaili hayo mizinga, kama mizinga ya nyuki, na sehemu ndogo ndogo za ndani wakaziita kwa jina la vijumba vya sega. Raymond Chen, mmoja wa mafundi wa siku nyingi wa Microsoft, amesimulia kwamba jina hilo lilitokana na utani: mmoja wa watungaji wa mwanzo wa Windows NT alikuwa akichukia nyuki, na mwenzake akaona raha kumwekea nyuki kila mahali.

Sasa tuje kwenye huko kukatika vipande. Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo matatu yaliyo mbalimbali, na wauzaji hawana haraka ya kuwachanganulia. Mfano wa daftari la duka utatusaidia.

Jambo la kwanza ni daftari lenyewe kutawanyika. Fikiri daftari ambalo kurasa zake kumi ziko rafu ya juu, ishirini ziko chini ya kaunta, na tano ziko chumba cha nyuma. Hakuna lililopotea, lakini anayetaka kulisoma lote hana budi kutembea. Hivyo ndivyo faili linavyoweza kuwekwa kwa vipande katika diski: linapokua, na nafasi iliyo jirani nalo imekwisha kuchukuliwa na faili jingine, kipande kipya huwekwa mbali.

Jambo la pili ni mistari mitupu ndani ya daftari. Mteja aliyelipa deni lake hufutwa, na mstari wake hubaki mtupu. Mstari huo waweza kuandikwa jina jingine kesho, lakini daftari halipungui unene kwa kuwa jina moja limefutwa. Katika mizinga ya rejista ni vivyo hivyo: programu ikiondolewa, vijumba vyake huwa tupu, na faili hubaki na ukubwa wake.

Jambo la tatu ni mtu mgeni kulishika daftari la duka, akapitia majina, na kila jina asilolifahamu akalichana. Hili ndilo liitwalo kusafisha rejista. Nimesema kwamba ni jambo la tatu, na narudia kusema, kwa sababu programu nyingi zinazojiita za kuunga vipande hulifanya hili pamoja na yale mawili ya kwanza bila kumweleza mwenyewe kwa uwazi. Kuunga vipande hakubadilishi hata neno moja lililoandikwa. Kusafisha hubadilisha.

Je, lile la kwanza na la pili lina dhara kweli? Haki isemwe: zamani lilikuwa nalo. Diski za kale, ambazo zingali katika kompyuta nyingi za mkono wa pili, zina sahani inayozunguka na mkono wa kusomea unaokwenda mbele na nyuma. Sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua milisekunde 8 na kidogo kumaliza mzunguko mmoja. Na milisekunde ni sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Ukijumlisha mwendo wa mkono na kungojea sahani ifike, kila kuruka kutoka kipande kimoja hadi kingine ni kama milisekunde 13. Zaidi ya hayo, Windows 2000 na zile zilizoitangulia katika ukoo huo ziliipa rejista nafasi yenye mpaka katika kumbukumbu ya kompyuta, hata ikawa rejista nene ni mzigo wa hakika. Mpaka huo uliondolewa katika Windows XP ya mwaka 2001.

Kwa hiyo waliotengeneza zana za kwanza za kazi hii walikuwa wakitibu ugonjwa ulioko. Iliyojulikana sana ni PageDefrag ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell, mafundi wawili walioanzisha Sysinternals, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Shida waliyoitatua ni hii: mizinga ya rejista hushikwa na Windows tangu inapoamka hata inapozimwa, na faili lililoshikwa namna hiyo halikubali kuhamishwa na programu za kawaida za kupanga diski. PageDefrag ilifanya kazi yake alfajiri, kama tuwezavyo kusema, kabla Windows haijaamka sawasawa. Ilimwonyesha mtu kila mzinga una vipande vingapi, ikaunga, ikanyamaza. Haikumtisha mtu wala haikufuta neno. Lakini ilitengenezwa kwa Windows NT, 2000, XP na Server 2003, na haifai kwa zilizofuata.

Nyingine ni NTREGOPT ya Lars Hederer. Hii ilishughulika na lile jambo la pili: iliandika nakala mpya ya kila mzinga pasipo mistari mitupu, kisha kompyuta ilipowashwa tena nakala ile ikachukua mahali pa ile ya zamani. Mtu huyohuyo alitengeneza pia ERUNT, ambayo kazi yake ni kuweka nakala ya akiba ya rejista. Mimi naona katika hilo adabu ya fundi wa kweli: kabla ya kukupa kisu, amekupa bandeji.

Hata Windows 98 yenyewe ilikuwa na chombo chake, ScanReg, kilichoichunguza rejista kompyuta ilipowashwa, kikaweka nakala za akiba tano za siku za nyuma, na kikaweza kuondoa nafasi tupu. Mwenye nyumba hakuhitaji kununua kitu.

Hayo yalikuwa ya zamani. Tutazame ya leo, na tufanye hesabu, maana hesabu huondoa ubishi. Tuchukue mzinga wenye ukubwa wa megabaiti 80, uliokatika vipande 50, na tukadirie kwamba Windows hulazimika kuusoma wote inapoamka. Katika diski ya kuzunguka, vipande 50 kwa milisekunde 13 kila kimoja ni milisekunde 650, yaani kupungua kwa sekunde moja. Hiyo ndiyo faida yote itakayopatikana kwa kuunga vipande, ikiwa kazi itakwenda vizuri. Kompyuta ya dada yangu ilikuwa ikichukua dakika nne kuamka. Mtu anayetafuta dakika nne zake ndani ya nusu sekunde na ushei anatafuta mahali pasipo.

Katika diski za elektroniki ziitwazo SSD, ambazo ndizo ziwekwazo katika kompyuta nyingi mpya, hesabu hiyo huporomoka kabisa. Hazina sahani wala mkono. Kuruka kutoka kipande hadi kipande hakuchukui hata sehemu ya kumi ya muda tuliouhesabu. Diski ya SSD ya kiasi husoma megabaiti 500 kwa sekunde, basi mzinga ule wa megabaiti 80 huusoma kwa chini ya moja ya tano ya sekunde. Ukiondoa sehemu moja katika kumi ya unene wake kwa kufuta mistari mitupu, umeokoa milisekunde 16. Mtu hawezi kupepesa jicho kwa muda huo. Na juu ya yote hayo, Windows za karibuni zina uwezo wa kuipanga upya mizinga yao zenyewe, pasipo mtu kuziomba.

Na lile la tatu, la kusafisha? Husemwa kwamba maandishi yaliyobaki baada ya programu kuondolewa huifanya kompyuta iwe nzito. Lakini Windows haisomi daftari zima tangu ukurasa wa kwanza ili ipate neno moja. Huenda kwa kufuata njia, kama mgeni aulizaye kwanza mji, kisha mtaa, kisha mlango. Nyumba mia moja zilizohamwa katika mtaa mwingine hazimcheleweshi. Rejista ya kawaida ina maandishi laki kadhaa. Kuondoa elfu moja humo hakuna mtu atakayekuhisi. Ila likiondolewa moja lililokuwa likihitajika, hapo patahisika. Microsoft imetangaza wazi kwamba haiungi mkono programu za kusafisha rejista, na kwamba haiwezi kuahidi kuwa matatizo yanayoletwa nazo yatatengenezeka bila ya kuweka Windows upya.

Basi, mtu atauliza, ikiwa faida ni ndogo hivyo, mbona zinauzwa kwa wingi? Jawabu ni kwamba kinachouzwa aghalabu si kuunga vipande. Kinachouzwa ni hofu, na kuna ushahidi wa hilo katika kumbukumbu za serikali. Mnamo Machi 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya maduka ya Office Depot imekubali kulipa dola milioni 25, na Support.com, iliyoipatia programu, dola milioni 10. Dai la Tume lilikuwa hili. Mteja alipopeleka kompyuta yake dukani ili ichunguzwe bure, aliulizwa kwanza maswali manne: je, ni nzito? huonyesha matangazo yanayojitokeza yenyewe? imepata kuonya juu ya virusi? huzimika ghafla? Mfanyakazi akatia alama. Kisha programu ikaonyeshwa kama kwamba inachunguza. Lakini ikiwa alama hata moja ilitiwa, jibu la kwamba kuna dalili za ugonjwa lilikuwa limekwisha kupangwa, kompyuta iwe nzima au mbovu. Kisha mteja akauziwa matengenezo ambayo yaliweza kufika mamia ya dola. Kwa mujibu wa dai hilo, mambo hayo yaliendelea kwa miaka, hata Novemba 2016.

Wala hilo si peke yake. Mwaka 2008 Tume hiyohiyo iliwashitaki wauzaji wa WinFixer, DriveCleaner na nyinginezo za jinsi hiyo, na mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163. Na mnamo Machi 2024 makampuni mawili ya Kupro, Restoro na Reimage, yalikubali kulipa dola milioni 26 kwa dai la kuwatisha watu kwa maonyo yaliyofanana na ya Windows ili wanunue matengenezo. Microsoft nayo, kuanzia tarehe 1 Machi 2018, iliamua kwamba programu yoyote inayojidai kusafisha kompyuta na kumtisha mtu kwa maneno ya kutia chumvi ili alipe, itahesabiwa kuwa programu isiyotakiwa, na ulinzi wa Windows utaiondoa.

Kijana anayesoma haya na ayakumbuke atakapouona ule mstari mwekundu. Fundi mwaminifu hakuambii una makosa 800 pasipo kuweza kukuonyesha moja likawa na maana.

Hata hivyo wako watu ambao bado wana haja ya zana hizi, nao si wa kupuuzwa. Najua karakana ambayo mashini yake ya kutarizi huongozwa na kompyuta kuukuu ya Windows XP, kwani programu ya mashini hiyo haikubali mfumo mwingine. Microsoft ilikoma kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta hiyo kwa busara haijaunganishwa na intaneti. Diski yake ni ya kuzunguka, na programu zimewekwa na kuondolewa humo kwa miaka mingi. Kwa mtu kama huyo, zana ya kuunga vipande inaweza kuwa na nafasi yake.

Basi huyo achague vipi? Kwanza atazame zana hiyo yasema inafanya nini. Ikiwa yataja kuunga vipande au kuondoa nafasi tupu na kuishia hapo, hiyo yaweza kufikiriwa. Ikiwa ndani yake mna kusafisha, kuongeza kasi ya intaneti, kulinda siri na kutia rangi kucha, aachane nayo. Au kama hana budi kuitumia, basi afungue kila ukurasa na aondoe alama katika kila kazi asiyoitaka kabla ya kubonyeza chochote. Atazame pia ilitengenezwa kwa ajili ya Windows ipi. Zana ya XP haitiwi katika Windows ya leo, kama vile spea ya gari moja isivyotiwa kwa nguvu katika gari jingine kwa kuwa zimefanana. Aichukue kwa mtengenezaji mwenyewe, si katika zile tovuti zinazokusanya programu za watu na kuzifungia pamoja na vitu vingine. Na zana nzuri huchunguza kwanza, ikaonyesha idadi ya vipande na ukubwa wa kila mzinga kabla na baada ya kazi, kisha ikamwachia mwenyewe aamue. Ikiwa yaonyesha vipande vitatu vinne tu, aifunge akalale.

Kabla ya kuitumia, nakala ya akiba. Neno hili limesemwa sana hata limechosha masikio, lakini namna yake haisemwi vya kutosha. Nakala ni mbili. Moja ni ya kazi zako mwenyewe: barua, picha, hesabu, hizo zinakiliwe katika flashi au diski ya nje, na flashi hiyo ichomolewe na kuwekwa kando. Ya pili ni ya rejista. Windows ina njia yake ya kuhifadhi hali ya mfumo ili mtu aweze kurejea nyuma mambo yakiharibika. Lakini katika kompyuta nyingi njia hiyo imezimwa, na mwenyewe hajui mpaka siku ya msiba. Lazima aiwashe na aihifadhi hali ya siku hiyo kwa mkono wake. Wala asitegemee nakala za zamani zilizokuwa zikiwekwa kimyakimya katika folda iitwayo RegBack: kuanzia toleo la 1803 la Windows 10, la mwaka 2018, Microsoft iliacha kuziweka humo, ili kupunguza nafasi inayochukuliwa katika diski. Folda bado ipo, na majina ya mafaili yanaweza kuonekana, lakini ndani yake hamna kitu.

Na umeme. Watengenezaji wa zana hizi huandika kwa watu ambao taa zao hazizimiki. Sisi twaijua hali yetu. Kazi ya kuandika upya mizinga haitaki kukatizwa. Kwa hiyo ifanywe katika kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, au ile ya mezani iunganishwe na betri ya akiba. Kama hakuna, kazi hiyo isifanywe. Hakuna aliyepata kufa kwa rejista yenye vipande.

Sasa turudi kwenye ile meza. Nilipofika nilimkuta dada yangu ameketi kimya, na kijana amesimama pembeni. Alikuwa amekwisha kumweleza mama yake yote. Dada akaniuliza jambo moja tu: "Kaka, madeni yangu yamepotea?" Nikamwambia sidhani, na sikusema hivyo kwa kumpoza. Rejista ni daftari la mipango ya Windows, si kabati la kazi za mtu. Mzinga ukiharibika, Windows haiwezi kuamka, lakini barua na hesabu zimo palepale zilipokuwa, kama vile ufunguo wa nyumba ukivunjika vyombo vya ndani havivunjiki. Kufuta diski nzima kabla ya kutazama yaliyomo ni kubomoa nyumba kwa sababu ya ufunguo.

Kwanza nilitafuta kama kuna hali ya zamani iliyohifadhiwa ya kurejea. Haikuwapo, njia ile ilikuwa imezimwa. Nikatazama RegBack, nikakuta majina na ukubwa wa sifuri. Basi nikachomeka flashi yenye mfumo wa Linux, ambao waweza kuamka kutoka katika flashi yenyewe pasipo kuigusa Windows, na kwa njia hiyo tukafungua diski. Faili la wateja lilikuwapo. Masomo ya kijana yalikuwapo. Tukanakili yote katika diski ya nje, na dada akataka afunguliwe faili lake katika kompyuta yangu, apitie jina moja moja kwa kidole, ndipo akaamini. Ilikuwa imekaribia saa sita ya usiku.

Windows yenyewe ina njia ya kujiweka upya huku ikiyaacha mafaili ya mwenyewe, lakini hata hiyo sikuthubutu kuitumia kabla nakala haijakamilika. Na kwa kuwa sasa tulikuwa nayo, tukaamua kutafuta sababu ya uzito wa tangu mwanzo. Tulipoiamsha tena, kijana akabonyeza vibonye vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukafunguka ukurasa unaoonyesha kila programu na sehemu ya nguvu anayoila. Jawabu lilikuwa wazi kama mchana: kumbukumbu ilikuwa ndogo, na diski ile ya kuzunguka, ya miaka mingi, ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 100 hata mtu asipogusa kitu. Hakuna kuunga vipande kungeliondoa hilo. Wiki iliyofuata dada akatoa fedha, tukaongeza kumbukumbu, na mahali pa diski ile tukatia SSD. Kijana ndiye aliyeifungua na kuifunga kwa bisibisi, mimi nikimwangalia tu.

Kompyuta ile sasa huamka kabla ya mtu kuvuta kiti na kuketi. Juzi nilimwomba kijana atazame kwa ajili ya makala haya mizinga ya rejista yake ina hali gani. Akanijibu kwa simu, huku akicheka: "Mjomba, imekatika vipande 31. Niiunge?" Mama yake akajibu kwa sauti kutoka chumba cha pili, kabla mimi sijafungua kinywa.